Hesabu Siku, Usihesabu Dalili

 Pengine uko kwenye daladala na dereva ameongeza sauti. Pengine uko jikoni unageuza chapati. Au pengine umelala chali, umechomeka waya wa simu sikioni ili aliye pembeni yako asisikie unachosikiliza. Huyo wa mwisho ndiye hasa niliyemfuata leo.

Ni Jumatatu, saa moja na nusu usiku. Saa hiyo ikumbuke, nitairudia kabla hatujaagana.

Nina mtu wa kumzungumzia. Simtaji jina, kwa sababu ana majina mengi. Leo ni fundi seremala, kesho ni mwalimu aliyesafiri kwenda kusahihisha mitihani, keshokutwa ni dada wa saluni. Jumamosi usiku kulikuwa na sherehe. Vinywaji vilikuwepo, muziki ulikuwepo, na alikuwepo mtu ambaye asubuhi ya siku hiyo hakuwa akimfahamu. Wakaishia gesti. Zana hazikuwepo, au zilikuwepo zikabaki mfukoni. Wakaenda peku, kama wasemavyo vijana. Kulipopambazuka Jumapili, mtu wetu akaamka na swali moja, na swali hilo halijamwacha tangu hapo.

Tumfuate wiki yake. Jumapili anaoga mara tatu. Jumatatu yuko kazini, anacheka na wenzake, lakini akili imebaki kwenye kile chumba. Jumanne anampigia simu yule mwenzake, si kwa mapenzi, anataka tu kusikia kama ana kikohozi. Jumatano usiku mwili unachemka. Alhamisi anaona vipele viwili mkononi. Kwa kawaida angemlaumu mbu, ila wiki hii hata mbu hasadikiki. Ijumaa anasimama mbele ya kioo ametoa ulimi, anatafuta utandu mweupe. Anajibonyeza shingoni, kwapani na kwenye kinena kutafuta mitoki, na kwa kuwa amejibonyeza mara hamsini tangu asubuhi, panauma. Pakiuma anajiambia: ndiyo yenyewe hiyo.

Jumamosi anapita kwa kijana mwenye mizani kando ya barabara, anatoa sarafu, anapanda. Kilo mbili zimepungua! Hakumbuki kwamba tangu Jumanne amekula nusu sahani ya wali na vikombe kadhaa vya chai ya rangi. Usiku anaingia mtandaoni, anaandika dalili zake moja moja, na kila anachokisoma kinamjibu vilevile. Saa nane ya usiku mwanga wa simu bado uko usoni.

Wazee wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu wetu hata hajui kama ameumwa, lakini chumba chake tayari kimejaa nyoka.

Sasa tuvitazame hivyo vitu vilivyomtisha, maana hofu ukiitazama kwa jumla hutaiweza.

Dalili za mwanzo za maambukizi ya VVU zipo kweli. Baadhi ya walioambukizwa hupata homa, koo kuuma, harara, tezi kuvimba, maumivu ya misuli, vidonda vya mdomoni, hata kuharisha. Lakini kwa kawaida hali hiyo hujitokeza kati ya wiki ya 2 na ya 4 baada ya kuambukizwa. Mwili uliochemka siku ya nne umewahi mno. Tena dalili hizohizo ni za mafua, ni za malaria, ni za dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Hakuna daktari, hata awe bingwa wa namna gani, anayeweza kukushika paji la uso akakuambia homa hii ni ya VVU na ile ni ya malaria. Atakachofanya ni kukupima.

Jasho la usiku? Mtu asiyelala kwa woga hutoka jasho. Tumbo kuvuruga? Muulize mwanafunzi yeyote aliyewahi kusubiri matokeo ya kidato cha nne. Kinywa kukauka, moyo kwenda mbio, vidole kufa ganzi: woga peke yake unaweza kuyafanya yote hayo, na hauhitaji msaada wa kirusi chochote. Kukojoa kwa maumivu au kutokwa usaha, hilo si la kuwekwa kwenye hesabu ya VVU. Linaelekea zaidi kuwa kisonono au ugonjwa mwingine wa zinaa, nalo lina tiba, basi lisikae nyumbani likisubiri.

Upande wa pili ndio wa hatari zaidi. Wapo walioambukizwa wasiumwe hata kichwa. Kirusi kinaweza kukaa mwilini miaka minane, miaka kumi, mwenyewe anacheza mpira, analima, ananenepa, anasifiwa rangi. Kwa hiyo huyu anayelala akitetemeka anaweza kuwa mzima kabisa, na yule aliyesema "mimi sijisikii vibaya, basi niko salama" akawa ndiye mwenye virusi. Tulifundishwa kwamba huwezi kumpima mwenzako kwa macho. Nakuongezea, msikilizaji: hata wewe mwenyewe huwezi kujipima kwa macho. Mwili ni shahidi mbaya katika kesi hii. Husema yasiyokuwepo na hunyamazia yaliyopo.

Unaweza kuniuliza, hofu hii kubwa namna hii tuliitoa wapi? Ina historia yake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Huko watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Ng'ambo hiyo, Uganda, waliuita slim, kwa vile ulivyomkondesha mtu. Kwa miaka ile kupima hakukuwa na faida ambayo mtu angeweza kuishika mkononi. Uliambiwa unao, ukarudi nyumbani kusubiri. Ndipo tulipojifunza kuwasoma watu: huyu amekonda, yule nywele zimenyooka, fulani ametokwa na mkanda wa jeshi. Redio nazo zilitutisha kwa mifupa na majeneza. Hata Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi", akimaanisha kondomu, wapo waliosema ametukana.

Ugonjwa ule umebadilika. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, zilianza kutolewa bure nchini, na tangu 2016 anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Mtu anayeanza mapema na kumeza dawa kila siku anaweza kuzeeka akawaona wajukuu. Ila hofu yetu haikupata taarifa. Bado iko palepale kwenye miaka ya themanini, inasubiri jeneza.

Na hofu isiyokwenda kupima hutafuta kwingine pa kwenda. Mnakumbuka mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo? Mchungaji mstaafu, marehemu Ambilikile Mwasapile, aliwapa watu kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni kilomita kwa kilomita. Siendi huko kumcheka aliyekunywa. Nataka tu uone jinsi watu walivyokuwa tayari kulala porini siku kadhaa kwa ajili ya kikombe, na hawakuwa tayari kukaa dakika ishirini kwenye benchi la kupimia. Na wapo waliokunywa wakaacha ARV, na hao waliumia.

Basi tufanyeje? Ushauri wangu wa leo ni mwepesi kuukumbuka: acha kuhesabu dalili, hesabu siku. Kuna tarehe tatu za kuandika.

Tarehe ya kwanza inahesabiwa kwa saa, nazo ni 72. Ndani ya saa hizo kuna dawa za kukinga baada ya mtu kuwa hatarini. Wahudumu wa afya huziita PEP. Ni dawa za jamii ileile ya ARV, humezwa kila siku kwa siku 28, na hazikatishwi katikati. Hupunguza sana uwezekano wa kirusi kuota mizizi, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Saa ya pili ni bora kuliko ya ishirini, na ya ishirini ni bora kuliko ya sabini. Zikipita 72, mlango huo umefungwa. Kabla ya kupewa utapimwa kwanza, maana kama ulikuwa na virusi tangu zamani unahitaji tiba kamili, si kinga. Utaulizwa ilikuwaje, na baadhi ya maswali yatakutia haya. Yajibu. Muuguzi anapima ukubwa wa hatari, si ukubwa wa dhambi.

Aliyebakwa naye, mwanamke au mwanamume, anahusika na saa hizohizo. Asingoje kesi. Hospitali kwanza. Na mwanamke ambaye hakuwa kwenye uzazi wa mpango aulize papo hapo kuhusu dawa ya dharura ya kuzuia mimba, maana nayo ina siku zake.

Tarehe ya pili ni baada ya wiki 4 hadi 6. Hapa naomba usikilize vizuri, kwa kuwa ndipo wengi wanapojidanganya. Kipimo cha kuchoma kidole kilichopo kwenye vituo vyetu hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaandaa dhidi ya kirusi. Askari hao hawaandaliwi kwa siku moja. Ukipima Jumatatu kwa jambo la Jumamosi, jibu litakueleza habari za maisha yako ya zamani, na la Jumamosi halitalisema. Si kwamba kipimo kimekosea. Umekiuliza swali kabla ya wakati wake. Kwa watu wengi kingamwili huwa zimeshaonekana kufikia wiki ya 4 hadi ya 6.

Tarehe ya tatu ni miezi 3. Hapo ndipo neno la mwisho linapatikana. Ukipima baada ya miezi mitatu, na katikati hukujiweka tena hatarini, majibu yakiwa hasi ni hasi. Liandike, lifunge, endelea na maisha. Aliyetumia PEP afuate tarehe atakazopangiwa na kituo.

Katika siku hizo za kungoja, tumia kondomu, hata kwa mwenzi wako wa nyumbani. Najua utaniambia: "Mtangazaji, nikimletea mke wangu kondomu baada ya miaka kumi si nitakuwa nimejitangaza?" Ni kweli kazi ipo. Lakini ugomvi wa nyumbani una usuluhishi, hata ukiwa mchungu. Mama anayenyonyesha amweleze mhudumu mapema, maana mtoto naye yumo. Na usiende kuchangia damu kwa lengo la kupimwa kwa mlango wa nyuma. Damu hiyo inaweza kumfikia mgonjwa kabla kingamwili zako hazijaonekana.

Niseme na jambo ambalo hofu haipendi kulisikia. Tendo moja bila kinga si lazima liambukize. Kwa tendo moja la kawaida kati ya mwanamke na mwanamume, hata mmoja wao akiwa na virusi, uwezekano hukadiriwa kuwa chini ya moja kwa mia. Hupanda sana kwa tendo la njia ya nyuma, hupanda kukiwa na vidonda au ugonjwa mwingine wa zinaa, hupanda kama mwenye virusi ameambukizwa karibuni na hajaanza dawa. Sikupi takwimu hiyo uifanye kibali. Mwenye kurudia kila mwisho wa wiki hachezi tena bahati nasibu ya tendo moja. Nakupa upate usingizi leo, na kesho uwe na miguu ya kwenda kupima.

Maana miguu ndiyo inayokataa. Ukimkalisha mtu wetu ukamuuliza unaogopa nini hasa, hatakutajia kirusi. Atakutajia benchi. Lile benchi la nje ya chumba cha ushauri nasaha, ambako anaweza kupita shemeji, au jirani, au mzee wa kanisa. Wapo wanaopanda basi hadi wilaya nyingine ili wakapimwe na watu wasiowafahamu. Kama basi ndilo litakalokufikisha, lipande, sikuzuii. Vipo pia vitendanishi vya kujipima mwenyewe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 vinaruhusiwa nchini, na yanayofanyika chumbani kwako yanabaki chumbani. Ukivitumia kumbuka mawili: hesabu ya siku ni ileile, na kikionyesha mistari miwili hilo bado si jibu kamili. Nenda kituoni wakapime upya kuthibitisha.

Akina baba, kuna mchezo mmoja nauona kwetu. Mama mjamzito anakwenda kliniki, anapimwa, anarudi na majibu hasi. Baba anavuta pumzi, anasema: "Tuko salama." Tuko? Aliyechomwa kidole ni mmoja! Damu ya mkeo haitoi majibu yako. Zipo ndoa nyingi ambazo mmoja ana VVU na mwingine hana, na wanaishi kitanda kimoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa watu wazima 4.4 kati ya kila 100 nchini Tanzania wanaishi na VVU. Katika hao, takriban 83 kati ya kila 100 walikuwa wakijua hali yao, na karibu wote waliojua walikuwa kwenye dawa. Yaani kikwazo kikubwa tulichobaki nacho ni kutojua. Ukishajua, dawa unazipata.

Tumrudie mtu wetu. Tuseme amejikaza, miezi mitatu imepita, amekaa kwenye kiti. Kidole kimechomwa, tone la damu limewekwa, matone mawili matatu ya dawa yamefuata. Dakika zinakwenda. Mstari umetokea mmoja. Hasi. Anatoka nje, jua linawaka, anapumua. Siku mbili baadaye anaanza: je, kama kitendanishi kilikuwa kimeisha muda? Je, kama muuguzi alichanganya? Anapima kituo kingine. Hasi. Anapima cha tatu, na cha nne.

Kwa mtu wa namna hii nina neno, na nalisema kwa upole. Huenda unachotafuta si kirusi, unatafuta adhabu. Ulifanya jambo lililokukwaza, ulimvunjia mtu ahadi, na moyo wako unaona si haki upite hivihivi bila kulipa. Lakini kitendanishi hupima damu, hakipimi dhamiri. Hata ukikirudia mara kumi hakitakupa msamaha. Kama deni liko kwa mwenzi wako, lilipe kwa mwenzi wako. Kama liko kwa Mungu, msikiti na kanisa viko wazi. Na kama woga umefika mahali huli, hulali, hufanyi kazi, wiki baada ya wiki, mweleze mhudumu wa afya jambo hilo lenyewe. Wasiwasi uliopitiliza nao ni ugonjwa, una watu wake wa kuutibu.

Na tuseme mistari ilikuwa miwili, na kipimo cha kuthibitisha kikakubali. Siku hiyo itakuwa nzito, sitakudanganya. Lakini utaanza dawa, mara nyingi kidonge kimoja kwa siku. Ukizimeza sawasawa, virusi hufubaa hadi kipimo kisivione kwenye damu. Tafiti zilizofuatilia maelfu ya wenzi zimethibitisha kwamba mtu aliyefikia hapo na kubaki hapo haambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Anaweza kuoa, anaweza kuolewa, na kwa huduma nzuri anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Waliotangulia mwaka 1983 hawakulipata hilo hata kwa kuomba.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu wetu hajaficha maradhi, maana hajui kama anayo. Alichoficha ni swali. Na swali lililofichwa ndilo linalomkondesha mchana na kumtoa jasho usiku.

Muda wangu unakwisha, msikilizaji, nami niliahidi kuirudia ile saa. Ni Jumatatu, sasa inakaribia saa mbili kasoro dakika chache. Kama lako ni la Jumamosi iliyopita, saa sita usiku, basi saa 72 zinakwisha kesho, usiku wa kuamkia Jumatano. Umebakiwa na saa 28 hivi. Usingoje homa, usingoje kipele, usingoje mizani. Hospitali ya wilaya ina zamu ya usiku na chumba cha dharura hakifungwi. Ukifika mlangoni huna haja ya kusimulia sherehe nzima. Sema: "Nimekuwa hatarini Jumamosi, nimekuja kuulizia PEP."

Zima redio, vaa viatu. Usiku mwema.